Kifungo cha Nje na Majembe ya Kukodi

Wenzangu mliobaki ofisini mliniomba niwaandikie mawili matatu ya kazi kabla sijasahau. Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu. Nipo nyumbani Nyamiaga, napalilia migomba na kusahau kwa kasi nzuri, kwa hiyo naona bora nianze leo. Vyeo nilivyopandishwa sitavitaja, maana kila nilipopanda nilikalia kiti kilekile. Mshahara nao tuuache, mnaujua. Nitaeleza kazi yenyewe, na hasa kosa moja ambalo nililifanya nikiwa na uzoefu wa kutosha wa kutolifanya.

Kwa mgeni atakayeyasoma haya bila kutujua, mimi nilikuwa afisa probesheni. Mtu akitiwa hatiani kwa kosa dogo, hakimu anaweza kuacha kumpeleka gerezani akampa kifungo cha nje. Atalala kwake, atakula kwake, lakini kila siku ya kazi atafanya saa kadhaa za kazi ya umma bila malipo: kufyeka, kuchimba mtaro, kudeki zahanati. Kazi yetu ni kumchunguza kabla ya hukumu tuone kama anafaa, kisha kumsimamia mpaka amalize. Akikimbia tunamrudisha kwa hakimu, na safari hiyo analala ndani. Wananchi hawakupata nafasi kichwani ya kuweka cheo kirefu hivyo, wakaniita Mama Probesheni. Biharamulo wapo mpaka leo wanaodhani ndilo jina nililobatizwa.

Siku ya kwanza niliripoti Biharamulo nikiwa na sanduku la bati na viatu vya kisigino. Ofisi ilikuwa nusu ya chumba. Nusu ya pili ilikuwa stoo ya mbegu za pamba, na panya walikuwa hawajaelezwa mpaka uko wapi. Kulikuwa na meza moja, viti viwili, baiskeli moja na Mzee Pastory. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaviangalia viatu vyangu kwa huruma, kisha akasema tunakwenda Nyabusozi kumwona mtu. Sikuuliza ni umbali gani. Jioni nilirudi nimevishika viatu mkononi, na tangu siku hiyo sijawahi kununua vingine vya namna ile.

Mzee Pastory alikuwa Mhangaza mwenzangu, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, na alisema maneno machache utadhani anayanunua. Alinifundisha kwamba kabla hujaandika taarifa ya mtu kwa hakimu, lazima ufike kwake, na ukifika usiulize chochote kwanza. Angalia jiko, angalia paa, angalia nani anatumwa maji. Mahakamani, alisema, kila mtu ni maskini na kila mtu ana mama mgonjwa. Ukitaka kumjua mtu mfuate nyumbani. Alinifundisha pia adabu za lubisi. Ukikaribishwa pombe ya ndizi na mtu unayemchunguza, ukinywa umekula rushwa, ukikataa umemtukana. Basi pokea kwa mikono miwili, gusa mdomo, sifia, halafu mpe mzee aliye jirani nawe. Nimeitumia mbinu hiyo miaka yote, na wapo wazee waliofurahi sana kila waliponiona nikija.

Mambo mengine aliyonipa ni ya kiofisi zaidi. Muhuri usiuache mezani hata ukienda msalani. Wino wa buluu, usitumie penseli hata siku moja. Na daftari la mahudhurio liandikwe na mtu ambaye hanufaiki lolote kwa kuliandika. Hilo la mwisho nililiona dogo mno, nikalisikiliza kwa sikio moja.

Miaka ile ya mwanzo kazi ilikuwa na uchekeshaji wake. Watu wetu walikuja na majembe yao, mapanga yao na chakula chao, wakifika wanaulizana habari za mvua. Nilikuwa na bwana mmoja aliyehukumiwa kwa kuiba mbuzi, tukampeleka shule fulani ajenge uzio. Alijenga uzio ambao hata mbuzi wa kuzaliwa na mbawa asingeuruka, kwa kuwa alijua mbuzi hupitia wapi. Miezi yake ilipokaribia kwisha, mwalimu mkuu akaniandikia barua rasmi akiomba mahakama imwongezee mitatu, kuna banda la kuku limebaki. Nilimjibu kwamba adhabu haiongezwi kwa sababu mtu anaitumikia vizuri. Alinuna mwaka mzima.

Nikahamishiwa Ngara, nikarudishwa Biharamulo, na niliporudi Mzee Pastory alikuwa amestaafu na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa ofisi, maana nilikuwa peke yangu. Baiskeli ilikuwa imegeuka pikipiki, lakini pikipiki haikuwa na mafuta. Ilisimama juu ya matofali nyuma ya ofisi na kuku wa jirani wakawa wanatagia chini yake. Watu wa vifungo vya nje walikuwa wameongezeka, wametawanyika kata baada ya kata, na mimi nina miguu miwili. Nilikuwa naandika taarifa za watu niliowaona mara moja, halafu za watu niliowasikia tu kwenye simu. Nilijua sifanyi sawa. Nilikuwa nimechoka.

Hapo ndipo alipoingia mdau.

Ilitangulia barua yenye muhuri, ya ofisi ambayo sitaitaja, ikisema kwamba ili kuboresha usimamizi tumepata kampuni shirikishi. Wiki iliyofuata meneja wake akafika. Alikuwa kijana aitwaye Kelvin, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alinisalimia shikamoo kwa heshima zote, akatandaza karatasi mezani. Kampuni yao ingewapangia kazi watu wangu, ingewasimamia, ingewapa vifaa na vizibao vya rangi ya machungwa, ingeandika mahudhurio, na kila mwisho wa mwezi ingeniletea majedwali yaliyochapwa, mimi niweke sahihi. Zaidi ya hayo, pikipiki ingepata mafuta. Nikauliza ofisi italipa nini. Akasema hakuna, mama, ni bure.

Nyinyi vijana mnaosoma, mtu akiwaambia kitu ni bure, muulizeni kinalipwa na nani. Mimi sikuuliza. Niliwaza mafuta. Si hivyo tu, mwezi wa pili niliwaandikia barua ya pongezi, wakaiwekea fremu na kuitundika ukutani kwao. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilimsifu mgema kabla hajaukwea mnazi.

Sasa niwaeleze habari za Minza.

Minza alikuwa mjane wa kama miaka arobaini, Msukuma, wazazi wake walitoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wao, wakaja kupata malisho na mashamba Nyamigogo. Mumewe alipokufa aliachiwa watoto wanne na jembe, na ng'ombe wakaenda na magonjwa. Akaanza kupika gongo. Waliokuja kumkamata hawakuuliza njia. Walikuwa wanaijua vizuri. Alikiri kosa, na hakimu akaniomba taarifa ya uchunguzi.

Taarifa hiyo sikuiandika mimi. Kampuni ilikuwa na fomu yake yenye visanduku, karani wao akampigia Minza simu, akauliza maswali kumi na mawili, akaweka alama. Kwenye kisanduku cha "ana kipato" aliweka ndiyo. Kipato chenyewe kilikuwa ile gongo ambayo mahakama ilikuwa inamwadhibu kwa kuipika, lakini kisanduku hakikuwa na nafasi ya kueleza hilo. Nilisaini. Hakimu akampa kifungo cha nje cha miezi sita, kuchimba mtaro wa maji ya mvua kuzunguka zahanati moja, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kwake.

Siku ya kwanza Minza alifika alfajiri na jembe lake begani, kama mtu yeyote wa huku anayekwenda kulima. Msimamizi wa kampuni akamwambia jembe hilo haliruhusiwi. Mpini ni mfupi, halijakaguliwa, si salama. Kampuni inayo majembe yaliyokaguliwa, na kizibao, na kila asubuhi unavikodi kwa mchango mdogo. Mchango wenyewe kwa wiki ulifika nusu debe la mahindi. Nilipokuja kuuliza baadaye, Kelvin alinieleza kwa upole kwamba huo ni utaratibu wa usalama kazini unaofuatwa kila mahali. Nimezaliwa kwenye migomba, nimeshika jembe kabla sijashika kalamu, na mpaka nastaafu sijaona jembe linalohitaji kukaguliwa na mtu mwingine zaidi ya anayelishika.

Minza alikodi wiki mbili. Aliuza kuku wanne. Wiki ya tatu kuku walikuwa wamekwisha na njia aliyoijua ya kupata hela ilikuwa imefungwa na mahakama, kwa hiyo akarudi na jembe lake. Hawakumfukuza. Walimwambia tu kwamba asiye na vifaa vya kampuni haandikwi. Akaenda mwisho kabisa wa mtaro, mahali ambapo ardhi ni ya mawe, akachimba. Akawa anafanya hivyo kila siku. Anafika mapema, anachimba saa zake, anarudi kwake, na kwenye daftari la kampuni mbele ya jina lake wanaandika herufi moja, H, yaani hayupo.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ofisini, napokea majedwali yaliyochapwa vizuri sana. Minza alikuja kunitafuta mara moja, alitembea mpaka mjini, akaambiwa na majirani wa ofisi mama yuko semina. Ni kweli nilikuwa semina, na iliyogharamiwa na kampuni, juu ya ushirikishwaji wa wananchi. Tulikula wali na nyama. Mwisho wa mwezi nikaletewa orodha ya watoro, nikaona jina lake, nikasema moyoni wanawake wa gongo ndivyo walivyo, nikasaini apelekwe mahakamani kwa kuvunja masharti. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema.

Taarifa ilimfikia kupitia kwa mtendaji wa kijiji: amekosa siku thelathini na nane, hakimu atamwita, huenda akamalizia kifungo chake gerezani. Hapo majirani zake walifanya jambo ambalo sheria haikuwahi kuliwaza. Kwa Wasukuma wa kule, mtu akizidiwa na shamba lake, labda kaumwa au kafiwa, watu hawamwachi nyasi zimle. Wanapanga siku, wanakuja na majembe na ngoma, wanalima kwa mstari wakiimba, na kabla jua halijakaa utosini shamba limekwisha. Waliposikia Minza amebakiza kazi ya siku thelathini na nane, waliielewa kama wanavyoielewa kazi yoyote iliyobaki.

Asubuhi moja Kelvin akanipigia simu, akasema mama njoo, zahanati kuna vurugu. Nilipanda pikipiki, kwa mafuta yake, nikaenda. Ngoma niliisikia kabla sijaona mtu. Walikuwa watu ishirini na saba, wanaume kwa wanawake, wamejipanga kwenye mtaro, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na akina mama waliopeleka watoto kliniki wamekaa kwenye benchi wanapiga vigelegele. Mtaro ambao kampuni ilikuwa imeupangia miezi ulikuwa umebakiza hatua chache. Kelvin alikuwa anapiga picha. Picha zile niliziona baadaye kwenye taarifa yao ya robo mwaka, chini yake imeandikwa kwamba jamii imeupokea mradi kwa hamasa.

Aliyewaongoza alikuwa Masanja, shemeji yake Minza, mdogo wa marehemu. Alijifuta jasho, akanipa shikamoo, akaniambia kazi ya shemeji yake imekwisha, sasa nimwandike arudi kwa watoto wake. Nikaanza kumweleza. Nikasema adhabu ni ya mtu mmoja, haigawanywi, mahakama haihesabu kazi iliyofanyika bali siku alizohudhuria mwenyewe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama, kama mngempeleka gerezani tungejua kufungwa ni kwa mtu mmoja," akasema. "Lakini hili si gereza. Hili ni mtaro."

Kelvin naye alikuwa na lake. Alinivuta pembeni, akauliza kwa sauti ya chini, wale ishirini na saba wamefanya kazi na majembe yao, je, mchango wa vifaa atadaiwa nani. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Ndipo Minza akanijia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso kwa uso, na jina lake nilikuwa nimelisaini mara tatu. Alikuwa mwembamba, viganja vimepasuka. Hakulia wala hakupaza sauti. Alinishika mkono akanipeleka mwisho wa mtaro, penye mawe, akanionyesha sehemu iliyochimbwa siku nyingi, majani yameanza kuota kingoni.

"Hapa nimechimba mimi," akasema. "Kila siku nilikuja. Kwenye hiyo daftali yao mimi sipo, lakini mtalo upo. Mama, wewe umesoma, niambie, mtalo umejichimba?"

Nilimwambia nitalishughulikia. Hilo ni neno letu la ofisini, mnalijua, huwa linamaanisha subiri. Lakini sahihi yangu ilikuwa imeshatangulia kwenda mahakamani na haikunisubiri mimi. Siku tatu baadaye alikamatwa, hakimu alikuwa safarini, na Minza akakaa mahabusu siku tisa. Watoto wakalala kwa Masanja. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona aibu kama niliyoiona siku zile. Nilikuwa nashindwa kula, na nilipokutana na mtu njiani akiniita Mama Probesheni nilitamani aniite jina lingine.

Nikaanza kufanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Nilirudi zahanati, safari hii kwa mguu. Niliuliza manesi, wakasema ndiyo, yule mama tulimwona, lakini lini na lini hawakumbuki, wana wagonjwa. Nilimuuliza msimamizi wa kampuni, akanionyesha daftari lake lenye H zilizopangwa vizuri. Nilikuwa natoka nimekata tamaa, nikasimama getini kumuaga mlinzi. Mlinzi alikuwa Mzee Sospeter, mtu mzima, koti kubwa, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilimwamkia, tukaongea habari za mvua, na kwa kuwa sikuwa na la kupoteza nikamuuliza kama aliwahi kumwona Minza akiingia.

Akasema yeye haandiki watu. Watu wanaingia na kutoka kutwa nzima, zahanati hii, nani atawaweza. Yeye anaandika vifaa. Aliwahi kuibiwa reki mbili na toroli la zahanati, akakatwa mshahara, na tangu siku hiyo kila chuma kinachopita getini kinaandikwa, kikiingia na kikitoka, asije akaambiwa cha zahanati kimeondoka. Akavuta daftari kutoka chini ya benchi. Lilikuwa na mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Jembe moja, mpini mfupi, la Minza wa Nyamigogo, limeingia. Chini yake: limetoka. Siku inayofuata hivyohivyo, na inayofuata. Nilihesabu nikiwa nimechuchumaa pale getini. Kuanzia wiki ya tatu mpaka nilipoletewa orodha ya watoro zilikuwa siku thelathini na nane, kamili, hakuna hata moja iliyoruka.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akashangaa. "Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Na jembe halikupotea."

Siku ya kesi nilisimama mbele ya hakimu na daftari la Mzee Sospeter mkononi. Nilisema kwamba taarifa ya kuvunja masharti niliisaini mimi bila kwenda kuona, na fomu ya uchunguzi niliisaini mimi bila kufika kwa mshtakiwa, na kwamba mama huyu amefanya kazi kila siku aliyoandikwa hayupo. Hakimu alikuwa mtu makini, mwenye miwani inayoteleza. Alilisoma daftari la mlinzi ukurasa kwa ukurasa, akamwita Mzee Sospeter, akamsikiliza. Akamuuliza Minza kama ana la kusema.

Minza akasimama. "Mheshimiwa, kazi sikukataa," akasema. "Nilikataa kukodi jembe nikiwa na jembe."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Kisha akatoa uamuzi wake. Kosa la kuvunja masharti halikuthibitika, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba mshtakiwa alitoroka. Aachiwe mara moja. Kuhusu siku thelathini na nane, mahakama imepokea daftari la mlinzi na inaliamini. Lakini daftari hilo linathibitisha kwamba jembe lilihudhuria. Halithibitishi saa ambazo mtu alifanya kazi, na sheria inamtaka mtu. Siku kumi za mwanzo, zilizomo kwenye daftari la kampuni, zinahesabiwa. Nyingine azitumikie upya, chini ya usimamizi wangu mimi mwenyewe.

Kwa hiyo siku alizokodi jembe la kampuni zilihesabiwa, na siku alizotumia lake hazikuhesabiwa. Simlaumu hakimu. Alikuwa na karatasi mbele yake, na yenye sahihi inayokubalika ilikuwa moja tu, daftari la mahudhurio la kampuni, ambalo Mzee Pastory aliniambia nani aliandike na mimi nikalidharau neno lake.

Mnataka kujua kampuni ilifanywa nini. Nilipeleka malalamiko kwa maandishi, kurasa sita. Nikaambiwa yamepokelewa. Nilipofuatilia ndipo nikajua kitu ambacho mtoto wa darasa la nne angekigundua mapema kuliko mimi: kazi ya kuchimba ule mtaro ilikuwa na zabuni, na zabuni ilikuwa yao. Walilipwa kuchimba mtaro, wakauchimbisha bure kwa wafungwa wa nje, halafu wafungwa wakawalipa kwa kuchimba. Nimeona wezi wengi kazini kwangu, wa mbuzi, wa vitunguu, wa baiskeli, hakuna hata mmoja aliyefikiria kumtoza mbuzi nauli. Mkataba wao wa usimamizi ulipokwisha haukuongezwa. Kelvin alikuja kuniaga, akaacha zawadi ya kalenda yenye picha ya ngoma ya Wasukuma. Nasikia siku hizi anaendesha semina.

Pikipiki ikarudi juu ya matofali. Mimi nikarudi kwenye miguu yangu, na siku ya kwanza nilikwenda Nyamigogo kwa Minza. Nilipofika aliniletea kigoda, akaniamkia, watoto wakaja kunisalimu mmojammoja. Niliangalia jiko. Mafiga matatu, sufuria moja, na mtambo wa gongo haupo. Paa lilikuwa na tundu ambalo mvua ilikuwa imeshalijua. Mtoto wa pili ndiye aliyetumwa maji, na alipokwenda aliburuza mguu. Hayo yote yangeonekana siku ile ya kwanza kwa mtu yeyote aliyefika, na kama hakimu angeyasoma kwenye taarifa yangu angempangia kazi karibu na kwake. Nilimwomba msamaha. Akasema yamepita, nile ugali. Nilikula.

Siku zake thelathini na nane nilizisimamia mwenyewe. Mtaro ulikuwa umekwisha, kwa hiyo alipanda miti na kufyeka uwanja wa zahanati, kwa jembe lake na panga lake, na kila jioni nilimwandika kwa mkono wangu, wino wa buluu, naye anaweka dole gumba. Masanja alikuja mara mbili na watu wake kuuliza kama wanaweza kupunguza kidogo. Niliwakatalia, wakakaa kivulini wakamsubiri amalize, wakarudi naye. Baada ya hapo akamalizia miezi iliyobaki bila kukosa hata siku moja, hata siku mtoto alipoumwa.

Siku ya mwisho nilimpelekea cheti cha kumaliza adhabu. Kina muhuri na sahihi yangu, na karatasi nzuri nene. Hakuwa amesoma, akaniomba nimsomee. Nikamsomea taratibu, jina lake, kosa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na idadi ya siku alizotumikia. Alikuwa anahesabu kwa vidole nilipokuwa nasoma. Nilipomaliza aliniuliza zile za kwanza, za kule kwenye mawe, ziko wapi kwenye hiyo karatasi.

Nikamwambia hazipo. Nikamwambia hazijaandikwa popote, isipokuwa kwa mlinzi, na kwa mlinzi ni za jembe.

Alikikunja cheti mara nne, akakifunga kwenye pindo la kanga. "Basi ziandike wewe, mama," akasema. "Kalamu si unayo?"

Minza wa Nyamigogo alichimba mtaro wa zahanati kwa jembe lake mwenyewe siku thelathini na nane, na siku zote hizo alikuwepo.